Operesheni Inapoingia Ludara: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ludara imo wilayani Koboko, pembe ambako Uganda inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Petroli na sigara za magendo hupita huku, na magari ya Mamlaka ya Mapato, URA, huzifuata yakiwa na askari wenye bunduki. Kila mkazi anajua kinachofuata. Kijana anashikwa, mtu anapiga mayowe, bodaboda zinageuza, na punde umati uko upande mmoja na bunduki upande wa pili.

Maagizo haya ni ya pande zote mbili, na msingi wake ni mmoja: raia aliyesimama kando ni shahidi. Yeye hana ruhusa ya kujigeuza mpiganaji, na askari hana ruhusa ya kumgeuza shabaha.

KWA RAIA ALIYE KARIBU

1. Ondoa watoto kwanza. Usiku wa 30 Machi 2020, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi, akafa, polisi walipokuwa wakisimamia amri ya kutotoka nje. Hakuwa hata barabarani. Ukisikia mlio, walaze watoto sakafuni nyuma ya ukuta wa matofali, mbali na dirisha. Mabati hayazuii risasi.

2. Usimnyang'anye mtu mikononi mwa polisi. Hata kama ni mdogo wako, hata kama unajua hana kosa. Sheria ya Polisi ya Uganda inamtaja waziwazi anayemkomboa mtu kwa nguvu kutoka kizuizi halali miongoni mwa wale ambao askari anaweza, kwa masharti, kutumia silaha dhidi yao. Ukimvuta mkono, umempa askari sababu ambayo hakuwa nayo. Ndugu yako atatetewa na wakili akiwa hai.

3. Usirushe jiwe, hata moja. Kumbuka Arua. Baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa tarehe 8 Juni 2018, uchaguzi mdogo uliitishwa huko. Tarehe 13 Agosti, siku ya mwisho ya kampeni, serikali ilisema msafara wa Rais Museveni umepigwa mawe. Jioni ile dereva wa mbunge Robert Kyagulanyi aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari. Watu walipigwa, na 33 wakafikishwa mahakamani Gulu kwa shtaka la uhaini. Tarehe 15 Agosti wapiga kura wa Arua walipanga foleni kwa utulivu, na mgombea Kassiano Wadri, aliyekuwa kizuizini, akatangazwa mshindi. Tuhuma ya mawe ilifuatwa na maiti na kesi. Kura ilileta mbunge. Kijana anayeokota jiwe ajiulize ni lipi kati ya hayo analolitaka.

4. Rekodi ukiwa mahali salama. Mnamo tarehe 18 na 19 Novemba 2020, watu wasiopungua 54 waliuawa katika ghasia zilizofuata kukamatwa kwa Kyagulanyi wilayani Luuka. Waandishi wa BBC walipochunguza mauaji ya Kampala, mwaka 2021, walitegemea video za simu za watu waliokuwa jirani, wakazilinganisha hadi wakafuata nyendo za gari la polisi lililokuwa likifyatua risasi. Bila simu hizo pangebaki neno la askari dhidi ya ukimya wa marehemu. Taja saa na mahali unaporekodi. Usimsogezee askari simu usoni, na ukiamriwa kurudi nyuma, rudi. Usikate video wala kuongeza maneno yako. Nakala moja mpe mtu unayemwamini.

5. Uliza kwa sauti na kwa heshima. "Afande, anapelekwa kituo gani?" Swali hilo si kosa. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inataka mkamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awekwe mahali panapotambuliwa na sheria, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Wakija watu wasio na sare katika gari lisilo na namba, taka kitambulisho, mwite mwenyekiti wa kijiji, LC1, mara moja, na mwambie anayekamatwa ataje jina lake na la baba yake kwa sauti kubwa.

6. Usisogelee jerikeni za petroli. Arua imewajua wauza petroli ya magendo, wale OPEC Boys, kwa miaka mingi, na wengine tumezoea kukimbilia mzigo ulioanguka ili tujichotee. Mafuta yaliyomwagika, bomu la machozi na risasi havikai pamoja. Atakayeungua ni wewe.

7. Usipige yowe la "mwizi!" kama huna uhakika. Yowe hilo limeua wasio na hatia nchini Uganda bila polisi kufyatua hata risasi moja. Ukimwona mwenye kosa, mkabidhi. Kumpiga mtu aliyezidiwa nguvu ni jinai, awe mgoni, mwizi au askari.

KWA ASKARI

8. Jitambulishe, uonye, usubiri. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 zinadai onyo la wazi na muda wa kulitii. Onya kwa lugha ya watu: Kikakwa, Kilugbara au Kiswahili. Onyo lisiloeleweka si onyo.

9. Usifyatue risasi za moto kutawanya watu. Kanuni hizo zinaruhusu kuua pale tu ambapo haikwepeki kabisa ili kuokoa uhai. Katoni ya sigara si uhai. Mshukiwa wa magendo akikimbia, atakamatwa kesho. Wala usidhani risasi ya hewani haina mwenyewe; ikipanda hushuka, na chini kuna nyumba.

10. Usimpige aliyekwisha kufungwa pingu. Sheria ya mwaka 2012 dhidi ya mateso inamwajibisha binafsi anayetesa, na haikubali kisingizio cha amri ya mkubwa. Mkubwa wako hatasimama nawe kizimbani.

11. Usimkamate anayerekodi. Waandishi wawili wa televisheni ya NTV Uganda walikamatwa Arua katika vurugu zile za 2018 wakiwa kazini. Askari anayefuata sheria hana haja ya kuiogopa kamera; itamtetea.

12. Mhudumie uliyemjeruhi. Mpakie garini kabla ya mzigo uliokamatwa, na ndugu zake wajulishwe siku hiyo hiyo.

BAADA YA TUKIO

13. Hifadhi kila kitu. Majeruhi akifika hospitali, iwe Koboko au Hospitali ya Rufaa ya Arua, taka karatasi ya daktari inayoeleza jeraha. Nguo zenye damu usizifue. Ganda la risasi lipige picha pale lilipo.

14. Usizike kabla ya uchunguzi wa maiti. Hili ni gumu kwetu. Waislamu wa Koboko huharakisha maziko, nao wana haki ya kuheshimiwa. Lakini aliyeuawa kwa risasi ana haki pia ya kujulikana ameuawaje. Waendeeni mashehe mapema, msimamieni daktari afanye kazi yake upesi, kisha zikeni.

15. Usilipe dhamana ya polisi. Ni bure. Anayedai pesa kituoni anakuibia, na kila anayelipa anamfungulia njia ya kumwibia jirani.

16. Usikatae kutoa ushahidi. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi Arua, na inapokea malalamiko dhidi ya polisi, jeshi na hata mtu binafsi. Nenda ukaseme ulichokiona kwa macho yako, pamoja na jiwe alilorusha mwanao. Ushahidi unaomtaja askari na kumficha jirani hautaaminika, na usipoaminika, aliyepiga risasi atarudi kazini kesho asubuhi.