Fiqhi ya kununua gari lililotumika: Kilomita za dashibodi zisikudanganye

KATIKA darsa zetu hapa Rau, Manispaa ya Moshi, hakuna mlango unaoleta maswali mengi kama mlango wa biashara. Hivi karibuni niliulizwa swali ambalo nimeona jibu lake liwafikie na Waislamu wengine, kwa sababu wengi wetu tunanunua magari yaliyotumika, na wengi tunayauza.

Ndugu watatu walichanga akiba zao, bila mkopo wa riba, wakanunua Land Cruiser kuukuu iliyokuwa ikipeleka watalii mbugani na baadaye ikageuzwa kuwa gari la kulala. Nyuma kuna kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, na juu ya paa kuna hema la kukunjua. Lengo lao lilikuwa kulikodisha kwa wageni. Dashibodi ilisoma kilomita 118,000. Miezi miwili baadaye fundi alifungua sehemu ya mkanda wa taimingi, akakuta karatasi ya gereji imebandikwa humo: mkanda ulibadilishwa gari likiwa na kilomita 298,000.

Wakalisimamisha gari siku ile ile. Mmoja wao akatoa rai: "Sisi tuliuziwa hivi hivi. Na sisi tuliuze kama lilivyo, atakayenunua atajikagulia mwenyewe." Wakauliza, je, inafaa?

Jibu fupi ni kuwa haifai. Jibu refu lina sehemu mbili: wajibu wa mnunuzi wa kukagua, na wajibu wa muuzaji wa kubainisha. Tuanze na ukaguzi, kwani Uislamu haukumtaka Muislamu awe mtu wa kudanganywa kila siku.

Dashibodi ni shahidi mmoja tu

Namba ya kilomita ni ushahidi, na ushahidi hupimwa kwa ushahidi mwingine. Mita za zamani za magurudumu ya namba hufunguliwa na kurudishwa nyuma kwa mkono. Ukiona namba zimepinda, hazikai kwenye mstari mmoja, uliza. Mita za kisasa za umeme hubadilishwa kwa kifaa kidogo katika muda mfupi, wala hazibakishi alama ya kuonekana kwa macho. Kwa hiyo watafute mashahidi wengine.

Shahidi wa kwanza ni mahali mwili wa dereva unapogusa. Tazama mpira wa pedali ya klachi na breki, usukani, kirungu cha gia, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Pedali iliyolika hadi chuma haiendani na kilomita 60,000. Na pedali mpya kabisa ndani ya gari la miaka 20 nayo ina swali lake.

Shahidi wa pili ni karatasi. Gari lililotoka Japani huja na cheti cha kusafirishia nje ambacho huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali ya huko. Kama lilipita mnadani, lina karatasi ya mnada yenye daraja la hali ya gari, na herufi R humaanisha liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Linganisha namba ya chasisi kwenye karatasi hizo, kwenye kadi ya gari na kwenye chuma chenyewe. Kisha soma vibandiko vya gereji kwenye fremu ya mlango na chini ya boneti, kwani mafundi huandika kilomita kila wanapomwaga oili.

Shahidi wa tatu yuko ndani ya injini. Land Cruiser nyingi za watalii zina injini ya dizeli ya 1HZ, yenye mkanda wa taimingi ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Basi gari linalosoma 118,000 linatakiwa liwe na habari ya mkanda mmoja uliokwisha kubadilishwa. Muulize muuzaji: ulibadilishwa lini, wapi, na kwa kilomita ngapi? Lau wale ndugu wangeuliza swali hilo na kumtaka fundi afungue kabla ya kulipa, karatasi ile wangeiona mapema.

Kilomita hazilingani

Hata namba ikiwa ya kweli, bado haijasema yote. Kilomita moja ya lami kati ya Moshi na Arusha si sawa na kilomita moja ya barabara ya vumbi na matuta inayotoka Ngorongoro kwenda Serengeti. Huko chasisi hupasuka, springi hulegea na vumbi huingia kila mahali. Isitoshe, gari la watalii husimama injini ikiunguruma huku wageni wakitazama simba, na muda huo wote mita ya kilomita haisogei.

Kwa upande mwingine, wapo wanaofurahia kilomita chache wakasahau kuwa gari linalokaa nalo huzeeka. Mipira ya maji na ya breki hukauka, na tairi hupasuka hata kama kashata zake ni nzima. Tazama tarakimu nne pembeni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017.

Gari la kulala lina umri wa aina mbili, umri wa gari na umri wa nyumba iliyo juu yake. Bonyeza mbao nyuma ya kitanda na kwenye kona za paa. Zikiwa laini au zina harufu ya ukungu, maji yanaingia. Kagua mpira wa gesi, betri ya pili na nyaya za taa za ndani. Kumbuka pia kuwa kitanda, maji na hema ni uzito unaobebwa na springi muda wote.

Kisha fuata utaratibu huu. Fika asubuhi, uguse boneti kabla halijawashwa, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha tabia yake. Moshi wa bluu unaashiria oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili, ukiona utando kama maziwa huenda maji yamechanganyika na oili. Ukiwa hapa Rau, lipandishe mlima wa kwenda Uru huku ukitazama geji ya joto, kisha lishushe ukisikiliza gia na breki. Mwisho lipeleke kwa fundi wako mwenyewe, si fundi wa dalali, aliinue na kutazama chasisi mahali springi zinapofungwa, kama kuna welding mpya au rangi mbichi iliyopakwa juu ya kutu.

Mfano wa kiwele kilichofungwa

Sasa tuje kwa muuzaji. Wapo wanaosema mambo ya mita za magari hayakuwepo zama za Mtume (s.a.w), hivyo hayana hukumu. Hilo si kweli. Amepokea Abu Huraira (r.a), katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w) alikataza kufunga viwele vya ngamia na kondoo bila kuwakamua ili maziwa yajae na mnunuzi adhani mnyama ana maziwa mengi kila siku. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari baada ya kumkamua: akitaka abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende.

Wazingatie wenye akili. Muuzaji yule hakusema uongo kwa ulimi. Alifanya alama ya nje iseme uongo kwa niaba yake. Kurudisha kilomita nyuma ni jambo lile lile: mnunuzi anaonyeshwa alama, naye anatoa bei kwa kuiamini. Tofauti ni kuwa kiwele hujulikana siku ya pili, na mita ya gari huenda isijulikane mpaka injini ife njiani.

Imepokewa pia na Muslim kuwa Mtume (s.a.w) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevunyevu. Mwenye chakula akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tuangalie kuwa mvua haikuwa kosa la muuzaji yule. Kosa lake lilikuwa kuificha. Hapa ndipo hoja ya "na sisi tuliuziwa" inapoanguka. Kudhulumiwa kwako hakukupi ruhusa ya kumdhulumu wa tatu ambaye hakukukosea kitu.

"Kama lilivyo" haikuondolei dhima

Neno "kama lilivyo" nalo lina hukumu yake. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kuwa Abdullah bin Umar (r.a) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu yoyote. Mnunuzi akadai kuna ugonjwa ambao hakuambiwa, wakafika kwa Khalifa Uthman (r.a). Uthman akaamua kuwa Ibn Umar aape kwamba aliuza bila kuijua aibu hiyo. Ibn Umar hakutaka kuapa, akarudishiwa, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Kuhusu sharti hili wanazuoni wamekhitalifiana. Mahanafi wamelipanua, lakini katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, sharti hilo halimvui muuzaji na aibu aliyoijua akaificha. Hivyo ndugu hawa, ambao sasa wanaijua habari ya gari lao, hawawezi kujificha nyuma ya maneno mawili. Na dalali anayejua akanyamaza, ajue kuwa naye yumo katika dhambi hiyo.

Wafanye nini?

Kwanza, wamjulishe aliyewauzia bila kuchelewa na waendelee kulisimamisha gari, kwani kwa Mashafii haki ya kurudisha ni ya papo hapo, na kulitumia baada ya kujua ni dalili ya kuridhia. Fedha za kukodisha walizopata kabla ya kujua ni halali yao, kwa sababu katika muda huo lau gari lingeharibika hasara ingekuwa yao. Hiyo ndiyo kanuni iliyothibiti katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a).

Pili, muuzaji akikataa, wapeleke suala kwa wazee na wapatanishi, na ikishindikana wana njia ya mahakama, maana ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Kwa wengine somo ni kuandikiana mapema: mkataba useme wazi kuwa muuzaji anathibitisha kilomita ni za kweli, na mashahidi watie saini. Surat al-Baqara, aya ya 282, imetufundisha kuandika madeni na kushuhudisha mauzo.

Tatu, wakilazimika kuliuza wenyewe, waseme: dashibodi inasoma 118,000, si kweli, na karatasi ya gereji hii hapa. Bei itashuka, tena pengine kwa mamilioni. Siwezi kuwaficha hilo, na najua fedha ile ilikuwa akiba ya familia tatu. Lakini amepokea Hakim bin Hizam (r.a) kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa.

Tuulizane kwa ukweli kabla ya kulipa, na tuambiane ukweli kabla ya kupokea.

Wabillahi tawfiq.