Sumukuvu, Ini na Kompyuta: Istilahi ya 'Sumu' katika Vielelezo vya Umetaboli

1.0 Utangulizi

Neno 'sumukuvu', linalotumika nchini Tanzania kwa maana ya aflatoksini, ni nomino ambatani ya 'sumu' na 'kuvu'. Muundo wake humfanya msikilizaji aione sumu kuwa kitu kilichokwisha kukamilika ndani ya punje ya mahindi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maana hiyo ni pungufu, na kwamba vielelezo vya kompyuta vinavyokadiria usalama wa kemikali kwa binadamu vinadai istilahi bayana zaidi. Suala hili si la nadharia tupu: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye aflatoksini yaliwadhuru watu 317, na 125 kati yao walifariki.

2.0 Kanuni za Mabadiliko

Aflatoksini B1 ifikapo kwenye ini, vimeng'enya vya kundi la saitokromu P450 huiongezea oksijeni. Zao mojawapo ni epoksidi, ambayo hushikamana na DNA na huweza kuanzisha saratani. Hata hivyo, kimeng'enya CYP3A4 kinachochangia kuunda epoksidi hiyo ndicho kiundacho pia aflatoksini Q1, ambayo ukali wake ni hafifu. Kwa hiyo, ini hilohilo hukamilisha sumu na pia huipunguza.

Baadhi ya programu za kutabiri umetaboli hufuata kanuni za masharti: molekuli ikiwa na sehemu fulani, badiliko fulani huruhusiwa. Mwanaisimu ataitambua hapa sura ya sarufi zalishi, pamoja na udhaifu wake. Kama vile sarufi legevu izalishavyo tungo zisizosemwa na yeyote, kanuni hizi huzalisha mazao mengi kuliko yale yapatikanayo mwilini. Orodha ya yanayowezekana haisemi lipi hutokea kwa wingi.

3.0 Kasi na Spishi

Pengo hilo huzibwa na vielelezo vya aina ya pili, ambavyo huugawa mwili katika viungo, hukipa kila kiungo ujazo na mtiririko wake wa damu, kisha hukokotoa kasi ya kila badiliko. Mwaka 1984, Ramsey na Andersen walitumia mbinu hii kueleza mwenendo wa stairini katika panya na katika binadamu.

Kuvuka kutoka spishi moja hadi nyingine kwahitaji hadhari. Ini la panya wadogo wa maabara lina kimeng'enya kinachoiunganisha upesi epoksidi ya aflatoksini na glutathioni, hivyo wanyama hao huistahimili. Panya wakubwa hawana kinga ya kiwango hicho, na uwezo wa binadamu katika hatua hiyo ni mdogo. Kielelezo kitakachochukua kasi ya panya wadogo na kumpa binadamu kitatangaza usalama pasipo usalama.

4.0 Hitimisho

Neno 'sumukuvu' lafaa kubaki katika mawasiliano ya umma, kwani mkulima anayekausha na kuchambua mahindi hujikinga kwa kuizuia kuvu yenyewe. Katika maandishi ya kitaalamu, hata hivyo, yapendekezwa kutenganisha 'kitangulizi cha sumu', yaani kemikali iingiayo mwilini, na 'zao sumu', yaani ile iundwayo na vimeng'enya. Bila mpaka huo, mwanafunzi wa Kiswahili atauliza tu kama kemikali ni sumu, ilhali swali la kielelezo ni: huwa sumu wapi, kwa kasi gani, na katika mwili wa nani?