Hofu ya Hesabu Huanzia Nyumbani

“Hesabu? Hata mimi zilinipiga chenga.” Wazazi wengi husema hivyo wakimfariji mtoto aliyerudi na daftari lililojaa makosa. Nia ni njema kabisa. Mtoto, hata hivyo, husikia jingine: kwamba hesabu zina wenyewe, na wenyewe hao si watu wa kwao.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, akiwemo Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 438 wa darasa la kwanza na la pili. Watoto ambao wazazi wao huogopa hesabu walizijifunza kidogo kuliko wenzao, na hadi mwaka wa shule unakwisha, nao walikuwa wakiziogopa zaidi. Lakini hilo lilitokea pale tu mzazi alipokuwa akimsaidia mtoto mara kwa mara kazi za nyumbani za hesabu! Kusoma kwao hakukuathirika.

Msaada wenyewe mara nyingi huwa hivi: mzazi anashusha pumzi, anatupia saa jicho, sauti inapanda. “Saba jumlisha nane, si nimekwambia sasa hivi?” Kisha anachukua penseli na kuandika 15 mwenyewe.

Watoto husoma nyuso kabla hata hawajajua kuongea vizuri. Huko Sydney, Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2002 uliwaonyesha watoto 30 wa miezi 15 hadi 20 vitu viwili vya mpira, nyoka na buibui. Kimoja mama alikikunjia uso, kingine alikitabasamia. Vilipoletwa tena, safari hii mama akiwa ametulia tu, watoto walikikwepa zaidi kile alichokikunjia uso.

Mzazi aliyefeli hesabu asilikimbie daftari kwa sababu hiyo. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, wa eneo la Chicago, ulizipa familia programu ya tableti yenye hadithi fupi na maswali ya hesabu ya kujibu pamoja. Waliofaidika zaidi ni watoto wa wazazi wenye hofu.

Tableti si lazima. Mtoto akitumwa dukani na shilingi 2,000 kununua chumvi ya 700, aulizwe kabla hajatoka: chenji itakuwa kiasi gani? Akikosea, aeleze alivyohesabu, kisha wahesabu pamoja, hata kwa punje za maharage. Swali likimshinda mzazi, aseme “Hebu tuliangalie tena,” na kesho yake waende wote wawili kumuuliza mwalimu.