Utungo, Nakala na Toleo: Uundaji wa Aina za Maudhui kwa Tovuti ya Tenzi

1.0 Utangulizi

Mifumo ya kusimamia tovuti inayotumiwa na vyuo vingi huja na aina chache za maudhui. Drupal, mfumo ulioanzishwa na Dries Buytaert na kutolewa kwa umma mwaka 2001, kwa desturi humpa mtumiaji aina mbili za kuanzia: makala na ukurasa wa kawaida. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, nayo huanza na chapisho na ukurasa. Aina hizi zinatosha kwa matangazo ya idara, ratiba za mihadhara na taarifa za makongamano. Hazimfai mtu anayetaka kuweka katika mtandao orodha ya tenzi za kale pamoja na miswada yake.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuunda aina mpya za maudhui kwa kazi ya namna hiyo. Dai letu ni kwamba kazi hii, ijapokuwa hufanywa kwa kubonyeza vitufe, ni ya mhakiki wa matini kabla ya kuwa ya fundi wa kompyuta. Fundi aweza kuunda aina yoyote atakayoagizwa. Lakini si yeye wa kuamua kama Utendi wa Mwana Kupona ni kitu kimoja au vitu vitano.

2.0 Maana ya aina ya maudhui

Kwa maelezo mepesi, aina ya maudhui ni fomu iliyopewa jina. Fomu hiyo ina nyuga, na kila uga hupokea taarifa ya namna moja tu: matini fupi, matini ndefu, namba, tarehe, picha, au marejeo, yaani kiungo kinachoelekea kwenye kumbukumbu nyingine ndani ya tovuti ileile. Katika Drupal, nyuga ziliingizwa katika kiini cha mfumo kwa toleo la 7 la Januari 2011. Kabla ya hapo ilibidi kuongeza moduli ya pembeni. Uga wa marejeo ulifuata katika toleo la 8 la Novemba 2015. WordPress iliwawekea watumiaji wake njia kamili ya kusajili aina mpya katika toleo la 3.0 la Juni 2010.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili ana mfano wa karibu, nao ni ngeli. Nomino ikishaingia katika ngeli fulani, upatanisho wa sentensi nzima huifuata. Vivyo hivyo, aina ya kumbukumbu huamua nyuga zitakazoonekana, nani aruhusiwe kuihariri na itatokea katika orodha zipi. Hata hivyo mfano huu usisukumwe mbali: wazungumzaji huhamisha nomino kutoka ngeli hadi ngeli bila kuomba ruhusa, ilhali kumbukumbu haihami kwa urahisi huo.

3.0 Utungo si nakala, na nakala si toleo

Njia inayowavutia wengi ni kuunda aina moja, kuiita “Utenzi”, kisha kuipa nyuga za jina, mtungaji, tarehe, mahali unapohifadhiwa mswada, idadi ya beti na matini. Kwa kumbukumbu ishirini za mwanzo njia hii haina kasoro inayoonekana. Taabu huanza pale unapopatikana mswada wa pili wa utenzi uliokwisha kuingizwa. Je, mahali pa pili pa kuhifadhia paandikwe wapi? Idadi ya beti ikitofautiana, ipi ifutwe? Mwingizaji taarifa, kwa kuwa fomu haimpi njia nyingine, hufungua kumbukumbu mpya yenye jina lilelile. Baada ya mwaka mmoja tovuti huwa na tungo tatu za Mwana Kupona, na mtafiti anayehesabu tenzi za pwani ya kaskazini atapata jumla isiyo ya kweli, tena iliyotolewa na kompyuta, jambo linaloifanya iaminiwe zaidi kuliko inavyostahili.

Kwa hiyo tunapendekeza aina nne. Ya kwanza ni Utungo, yaani kazi yenyewe bila kujali imeandikwa katika karatasi gani. Ya pili ni Nakala: mswada mmoja unaoshikika, wenye mwandikaji wake, hati yake, kurasa zake na mahali ulipo. Ya tatu ni Toleo, yaani kazi iliyochapishwa na mhariri fulani. Ya nne ni Mtu, kwa ajili ya watunzi, wanakili na wahariri. Kila Nakala huwa na uga wa marejeo unaoelekea kwa Utungo. Toleo huelekea kwa Utungo, na pale inapojulikana, huelekea pia kwa Nakala iliyotumiwa na mhariri. Hivyo Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir itaingizwa mara moja tu kama Utungo; toleo la William Hichens la mwaka 1939 na la James de Vere Allen la mwaka 1977 yatakuwa kumbukumbu mbili za Toleo zinazouelekea.

Kinyume chake kuna kosa la kugawa kupita kiasi. Tumeona mipango inayotaka aina moja kwa tenzi, nyingine kwa mashairi, na nyingine kwa nyimbo. Hapa tofauti si ya nyuga bali ni ya thamani zinazojazwa ndani ya nyuga zilezile, nayo huhudumiwa vyema na orodha ya istilahi inayoambatishwa kwa Utungo. Kipimo chetu ni hiki: vitu viwili vinavyoulizwa maswali yaleyale ni vya aina moja.

4.0 Nyuga zenye mgogoro

Jina halina shida kubwa iwapo uga wa majina mengine utaruhusiwa kupokea thamani nyingi. Utendi wa Tambuka hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, na msomaji aweza kuutafuta kwa jina lolote kati ya hayo.

Tarehe ndiyo inayohitaji uangalifu. Utendi wa Tambuka huhusishwa na mwaka 1141 wa Hijra, na vitabu vingi huandika 1728. Lakini mwaka huo wa Hijra ulianza Agosti 1728 na kwisha Julai 1729. Hali kadhalika mwaka 1275 wa Hijra, unaohusishwa na Utendi wa Mwana Kupona, ulianza Agosti 1858 na kwisha Julai 1859. Uga wa tarehe wa kawaida hudai siku, mwezi na mwaka wa Miladi, na mwingizaji akilazimishwa atabuni siku. Ni afadhali kuwa na nyuga tatu: tarehe kama ilivyo katika chanzo, ikiwa matini fupi, mwaka wa mapema kabisa unaowezekana, na mwaka wa mwisho unaowezekana, hizi mbili zikiwa namba. Nyuga za namba ndizo zitakazotumiwa kupanga na kuchuja. Ile ya kwanza humlinda msomaji dhidi ya tafsiri yetu.

Bahari nayo si nyepesi. Kwa kawaida utenzi una vipande vinne katika ubeti na mizani minane katika kila kipande, vina vitatu vya kwanza vikifanana na cha nne kikirudiwa utungo mzima. Al-Inkishafi ina mpango huo wa vina, ila mistari yake ina mizani kumi. Je, iingizwe katika istilahi “utenzi”? Wapo wanaoiita hivyo bila kusita. Sisi tungeweka uga wa mizani peke yake, uga wa mpango wa vina peke yake, na istilahi ya bahari iwe ya tatu, ili anayepinga uainishaji wetu aweze bado kuzipata tungo anazozitaka kwa kuhesabu mizani. Fomu isiyo na uga wa mizani itakuwa imekwisha kumaliza mjadala kwa niaba ya wasomaji, bila kuwaambia.

5.0 Utekelezaji

Katika Drupal msimamizi huunda aina kwenye sehemu ya muundo, huipa jina la kuonekana na jina la ndani, kisha huongeza uga mmoja mmoja. Jina la kuonekana laweza kubadilishwa wakati wowote. Jina la ndani, linaloandikwa kwa herufi ndogo, tarakimu na mstari wa chini, lichaguliwe kana kwamba halitabadilika. Muhimu zaidi, uga ukishapokea taarifa, namna yake haibadiliki: uliofunguliwa kuwa matini fupi haugeuzwi kuwa marejeo. Itabidi kufungua uga mpya na kuhamisha taarifa zote. Mtungaji aliyeandikwa kama matini katika kumbukumbu mia nne, kwa tahajia tano tofauti, ni kazi ya wiki kadhaa kwa msaidizi wa utafiti. Kwa sababu hiyo inafaa kujaribu fomu kwa tungo kumi zenye matatizo, si kumi rahisi, kabla ya kuanza uingizaji.

Ruhusa hutolewa kwa kila aina peke yake. Mwanafunzi wa uzamili aweza kuruhusiwa kuongeza Nakala bila kuruhusiwa kuugusa Utungo, mgawanyo ambao usingewezekana katika aina moja ya “Utenzi”.

Kwa wanaotumia WordPress kuna hatari moja ya kutajwa. Aina husajiliwa kwa msimbo mfupi, na mara nyingi msimbo huo huwekwa ndani ya faili za sura ya tovuti. Siku idara itakapobadili sura, aina hutoweka pamoja na kumbukumbu zake zote katika ukurasa wa usimamizi. Taarifa zenyewe hubaki katika hifadhidata, lakini asiyejua hudhani zimepotea, na huenda akaanza kuziingiza upya. Msimbo huo uwekwe katika programu-jalizi inayojitegemea, na nakala yake ihifadhiwe nje ya tovuti pamoja na maelezo ya kila uga kwa Kiswahili, yakieleza nini kijazwe na nini kiachwe wazi.