Jua ni la Bure, Lakini Halikaushi Peke Yake



Katika skimu za Trans Nzoia, Lugari na Uasin Gishu, mahindi huvunwa zaidi kati ya Oktoba na Desemba. Umelima, umepalilia, umetia mbolea, na sasa mahindi yamekomaa. Lakini kazi haijaisha. Mara nyingi mvua ya jioni huwa bado inanyesha, na mahindi hutoka shambani yakiwa na maji mengi. Mkulima asiyeangalia vizuri aweza kupoteza kazi ya miezi mingi kwa majuma machache tu. Somo letu la leo ni kulitumia jua kukausha chakula ipasavyo.

KWA NINI MAHINDI YENYE MAJI NI HATARI

Mahindi mengi huvunwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Ili yakae salama ghalani, unyevu usizidi asilimia 13.5. Hicho ndicho kipimo kinachotakiwa na Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Unyevu ukizidi, kuvu huota, na kuvu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huharibu ini. Huwezi kuiona wala kuisikia harufu yake, na kupika ugali hakuiondoi.

Usidhani haya ni maneno ya kutisha watoto. Mwaka 2004, hapa kwetu Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 kati yao wakafa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Mengi ya mahindi hayo yalilimwa huko huko. Waliochunguza jambo hilo waliona kwamba waliougua, kuliko majirani wasiougua, walikuwa wameweka mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani.

JUA HUFANYAJE KAZI?

Jua hutia joto katika punje na katika hewa. Hewa yenye joto huweza kubeba maji mengi kuliko hewa baridi. Lakini hewa hiyo ikisimama mahali pamoja hujaa maji na kazi hukoma. Lazima upepo uiondoe na kuleta hewa nyingine kavu. Basi kumbuka mambo mawili: jua hutoa maji katika punje, na upepo huyachukua. Ukikosa moja, mahindi hayakauki vizuri.

KAZI YA KUFANYA

1. Vuna mara mahindi yanapokomaa. Usiyaache mabua yaanguke, kwa maana kuvu huyu hukaa udongoni.

2. Chagua mara moja. Gunzi lililooza, lililotobolewa na wadudu au lenye rangi ya kijani au nyeusi litengwe. Usilipe kuku wala ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa akila mahindi yenye sumu, sumu hupita katika maziwa watakayokunywa watoto wako. Wala usiyafanye pombe. Yachimbie shimo uyafukie.

3. Weka mahindi yenye magunzi katika ghala la fito linalopitisha upepo. Katika nchi yenye mvua upana wake usizidi sentimita 60. Ghala liinuke juu ya ardhi, na ubavu wake mrefu uelekee upepo. Kila mguu uvishwe bati la kuzuia panya.

4. Ukisha kupukuchua, tandaza punje juu ya turubai, si juu ya udongo wala kando ya barabara. Kina kisizidi vidole vitatu vilivyolazwa. Geuza kila saa. Jua likianza kushuka, kusanya na kufunika, maana umande wa usiku hurudisha maji uliyotoa mchana.

5. Tia katika magunia baada ya punje kupoa. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

JARIBIO LA CHUMVI

Kuuma punje kwa meno hakutoshi. Chukua chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana, iliyokauka kabisa. Tia vijiko viwili vya chumvi kavu, kisha ongeza mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika tatu, halafu uache itulie robo saa. Chumvi ikishika pande za chupa, unyevu ungali juu ya asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isiposhika, umekaribia, lakini bado hujafika asilimia 13.5 kwa hakika. Anika tena siku moja au mbili, kisha umwombe Bwana Shamba au chama chenu cha ushirika ayapime kwa mashine ya kupimia unyevu.

"NIKIKAUSHA, UZITO UNAPUNGUA"

Wakulima wengine hunung'unika hivyo, na ni kweli. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 25, likikaushwa hadi asilimia 13.5, litabaki kilo 78. Lakini hizo kilo 12 zilizotoka ni maji matupu. Hakuna ugali uliopotea. Mwenye mahindi mabichi hulazimika kumwuzia mchuuzi haraka kwa bei atakayopewa. Mwenye mahindi makavu aweza kungoja bei ipande, na watoto wake wakala bila hofu.

MBOGA NA MATUNDA

Majani ya kunde, viazi vitamu na maembe huhifadhika pia. Tengeneza sanduku la mbao lenye miguu, upake rangi nyeusi ndani, uweke trei ya wavu katikati, na ufunike juu kwa nailoni inayopitisha mwanga. Toboa matundu chini upande wa mbele, na mengine juu upande wa nyuma. Hewa baridi itaingia chini, ipate moto, ipande na kutoka na maji. Ziba matundu kwa chandarua ili nzi wasiingie. Majani yachovye kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, na juu ya trei uyakinge kwa kitambaa cheusi, maana jua kali huharibu vitamini A. Mbegu za kupanda usiziweke humo. Joto kali huziua.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kwa nini jua bila upepo halitoshi?
2. Utafanya nini na magunzi yaliyooza?
3. Chumvi ikishika kwenye chupa, maana yake nini?

Wasomee jamaa zako maswali haya jioni. Asiyeweza kuyajibu asipewe kazi ya kufunga magunia.