Kampuni Unayo, Ruhusa ya Kuifanyia Kazi Huna
Biashara ya pembeni kwa mwenye viza ya H-1B nchini Marekani

Kusajili kampuni Marekani ni rahisi mno. Majimbo hayakuulizi una viza gani, na mamlaka ya kodi, IRS, humpa namba ya kodi ya kampuni hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga nchini humo. Urahisi huu ndio unaowaponza wengi. Mtu akishapata cheti cha usajili, namba ya kodi na akaunti ya benki, huona ameruhusiwa. Lakini jimbo kazi yake ni kusajili na IRS kazi yake ni kukusanya kodi. Ruhusa ya kufanya kazi iko mikononi mwa idara ya uhamiaji, USCIS. H-1B inakuruhusu kumfanyia kazi mwajiri aliyekuombea, katika kazi iliyotajwa kwenye ombi lake, basi.

Sheria haikukatazi kumiliki mali. Tuchukue mtaalamu wa kompyuta aliyeajiriwa Seattle, ambaye yeye na rafiki yake, raia wa Marekani, wanataka kuuza kahawa ya Kilimanjaro. Anaweza kutoa mtaji, kushika hisa na kupokea gawio faida ikipatikana. Lakini usiku akishafunga pakiti, akawajibu wateja, akaandika ankara au akajadiliana bei na muuzaji wa Moshi, ameshaingia kazini, na kazi hiyo haimo kwenye viza yake. Kutojilipa mshahara si kinga. Tangu 1978, katika shauri la Tong, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua kwamba kujiajiri nako ni ajira.

Wapo wanaosema: ninalipa kodi, kosa langu liko wapi? Kodi ni wajibu wa kila anayepata kipato, halali au haramu, na kuilipa hakuhalalishi kazi iliyoizaa. Tena fomu ya kodi inayoonyesha mapato ya kujiajiri ni ushahidi ulioutia saini mwenyewe. Wengine husema wateja wao wako Nairobi na malipo yanaingia M-Pesa. Kinachotazamwa kwanza ni mahali ulipo unapofanya kazi, si simu ilikoingia fedha. Hoja nzito zaidi ni kwamba wengi wamefanya hivyo miaka nenda rudi bila kuguswa. Ni kweli, hakuna askari anayezunguka kuhesabu pakiti za kahawa. Hesabu huja siku ya kuomba Green Card, kibali cha ukaazi wa kudumu: fomu ya I-485 inataka historia ya ajira ya miaka 5 na inauliza waziwazi kama umewahi kufanya kazi bila idhini. Ukikiri, ombi linayumba. Ukikana, umeongeza kosa la udanganyifu, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Sheria huwavumilia waombaji wengi wa Green Card kwa njia ya ajira ikiwa makosa hayazidi siku 180 kwa jumla tangu walipoingia nchini kihalali mara ya mwisho, lakini USCIS huhesabu hata siku za mapumziko, tangu kazi ilipoanza hadi ilipokoma. Miezi 6 ya biashara ya wikendi tu inatosha kuzimaliza.

Njia halali zipo, ingawa ni nyembamba. Mwajiri wa pili anaweza kukuombea H-1B ya kazi ya muda, sambamba na ile ya kwanza. Tangu Januari 17, 2025, kanuni zinaeleza jinsi kampuni unayoimiliki kwa sehemu kubwa inavyoweza kukuombea; idhini ya kwanza na nyongeza yake ya kwanza haziendi zaidi ya miezi 18 kila moja. Hata hivyo kazi yenyewe lazima iwe ya kitaalamu inayodai shahada, na kufunga kahawa hakumo. Mwenzi wa ndoa wa mwenye H-1B, mwenye viza ya H-4, akishapewa kibali cha kazi yuko huru zaidi: anaweza kujiajiri. Kibali hicho, kilichoanza 2015, hutegemea hatua ambayo mwenye H-1B amefikia katika safari ya Green Card. Raia wa Kongo-Kinshasa wana mlango mwingine, viza ya wawekezaji ya E-2, kwa kuwa nchi yao ina mkataba na Marekani; Tanzania, Kenya na Uganda hazimo.

Kwa hiyo, kabla hujauza hata pakiti moja, mwone wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si jamaa anayejaza fomu mtaani, na umweleze kwa vitendo kazi utakazofanya kila siku. Jina la kampuni linaweza kusubiri.