Kaunta ya jikoni kwa pesa kidogo: maswali kutoka Jinja na Mbale

Anayejenga Bugembe ya Jinja au Namakwekwe ya Mbale mara nyingi hufika jikoni mfuko ukiwa umekwisha toboka: mabati yamekula fungu lake, milango na madirisha yamekula lake. Hapo ndipo maswali ya kaunta huanza.

Pesa niliyo nayo ni kidogo sana. Nianzie wapi?

Anzia kwenye zege. Kaunta ina uso unaoonekana na bamba linaloubeba. Uso unaweza kuubadilisha mwakani, lakini bamba likilegea, chochote ulichoweka juu yake kitapasuka. Saruji haiko mbali: Tororo, inakotengenezwa tangu miaka ya 1950, ni mwendo mfupi kutoka Mbale, na malori yanayokwenda Kampala hupitia Jinja.

Kaunta ya mita 2.4 kwa sentimita 60, yenye unene wa inchi 3, humalizwa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa tatu: saruji, mchanga, kokoto. Weka nondo, na chini jenga vikuta vya tofali visivyoachana zaidi ya sentimita 90, maana bamba hilo litakuwa na uzito wa kilo 250 na zaidi. Limwagilie maji siku saba. Kama pesa zimeishia hapo, lipige niru safi, utie rangi ya oksidi ukipenda, uanze kupika. Vigae vitakuja baadaye. Siku hiyo fundi ataichokoa niru kwa patasi ili gundi ishike.

Kaunta ya jirani yangu ni ya saruji, na kila akipangusa hutoka vumbi. Kwa nini?

Huenda fundi alizidisha maji kwenye mchanganyiko, au kaunta haikumwagiliwa, au mchanga ulikuwa na tope. La mchanga unaweza kulipima mwenyewe kabla ya kununua lori zima. Chukua chupa ya kioo, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha uiache itulie saa chache. Mchanga utazama, tope litakaa juu yake kama utando. Kwa sentimita 10 za mchanga, tope likizidi milimita 6 hivi, uoshwe au ukataliwe. Wanaochota mchanga kwenye mito inayoshuka Mlima Elgon wasiache kipimo hiki, hasa mvua zikinyesha.

Vigae au terazo?

Terazo ni kokoto ndogo za marumaru ndani ya saruji, zinazosagwa kwa mashine hadi zing'ae. Haina maungio ya kushika uchafu, na hudumu miaka na miaka. Ingia majengo ya zamani katikati ya mji wa Jinja, utaikuta sakafuni bado inakanyagwa. Tatizo ni kumpata fundi mwenye mashine atakayekubali kazi ya kaunta moja. Akipatikana, mchukue.

Vigae ni rahisi zaidi. Boksi la vigae vya sentimita 60 kwa 60 kwa kawaida huwa na vinne, na vinne ndivyo hasa vinavyofunika juu ya kaunta ya mita 2.4. Ukingo wa mbele na mstari wa nyuma ukutani vitakula viwili zaidi. Nunua maboksi mawili yenye namba ileile ya rangi, upate na akiba ya vitakavyovunjika. Chagua vigae vya poselini, si vile laini vya ukutani, kwani hivyo hukwaruzika upesi. Maungio yawe membamba, na grauti iwe ya kijivu: nyeupe itageuka njano kwa manjano na mafuta kabla mwaka haujaisha.

Natamani graniti. Kuna njia ya mtu wa kipato cha chini?

Ipo: mabaki. Wakata mawe hubakiwa na vipande ambavyo havitoshi jiko kubwa. Pima upande wa sinki peke yake, uutafutie kipande. Upande uliobaki weka vigae. Kumbuka uzito: graniti ya unene wa sentimita 2 ni kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, na anayeitoa Kampala kwenda Mbale anaibeba zaidi ya kilomita 200. Kipande kikivunjika njiani, hasara ni ya nani? Liulize hilo kabla ya kulipa.

Marumaru halisi iache. Ndimu na nyanya huila ikabaki na madoa yasiyofutika. Na jiwe lolote likatwe kwa maji, si kavu. Vumbi lake huharibu mapafu, na mawe ya kutengenezwa kiwandani ndiyo mabaya zaidi. Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024.

Na mbao?

Mvule, mti ulioipa Busoga sifa, hustahimili maji na mchwa, ila bei yake leo si ya kaunta ya kubana matumizi. Ukiwa na ubao wake wa zamani, uweke mahali pa kukatia mboga, mbali na sinki, uupake mafuta mara kwa mara. MDF na chipubodi zenye fomeka ni rahisi dukani, ghali nyumbani: maji yakipenya kwenye tundu la sinki, ubao huvimba, na haurudi tena.

Tunapika kwa sigiri. Inaweza kukaa juu ya kaunta?

Usiiweke moja kwa moja juu ya kigae wala graniti. Joto la sehemu moja hupasua. Tengeneza pembe yake karibu na dirisha, ya zege tupu, na juu yake upange tofali za kuchoma. Dirisha libaki wazi wakati wote makaa yanawaka, kwani moshi usioonekana wa makaa huua.

Mimi ni mpangaji. Nifanye nini?

Usimjengee mwenye nyumba. Chomelesha fremu ya meza kwa vyuma vya mraba, uweke ubao mnene juu, ubandike vigae. Ukihama, unahama nayo.

Ungekuwa wewe, ungechagua nini?

Zege lenye nondo, vigae vya poselini juu, na sinki la chuma cha pua lililozibwa kwa silikoni pande zote. Hapo kwenye sinki usibane pesa: maji yanayopenya pembeni mwake huharibu kaunta upesi kuliko kisu na sufuria. Kabla fundi hajaondoka, jaza sinki, mwaga maji juu ya kaunta, uone yanaelekea wapi. Yakikimbilia ukutani badala ya sinki, kazi haijaisha, na malipo ya mwisho yasubiri.